Leseni za urubani zina madaraja: wazazi tuulize kabla ya kulipa

Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi wananchi wa vijijini tulikuwa tunalisikia kwa mbali tu, lakini ambalo sasa limeanza kuingia majumbani mwetu na kugusa mali zetu. Jambo hilo ni leseni za urubani wa ndege, na hasa tofauti iliyopo kati ya leseni ya daraja moja na leseni ya daraja jingine.

Najua wapo wasomaji watakaocheka. Watauliza, mwalimu wa shule ya msingi wa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, ana habari gani na mambo ya ndege? Huku kwetu tunajulikana kwa dagaa na migebuka, na wengi wetu ndege tunaiona ikipita juu tu. Jibu langu ni kwamba watoto wanaotamani kuwa marubani wapo Ikola kama walivyopo Dar es Salaam. Darasa la tano ukiwauliza wanafunzi wangependa kuwa nini, hawakosi wawili au watatu watakaojibu "rubani". Na wazazi walio tayari kuuza mali ili mtoto afike huko nao wapo. Ambacho hakipo ni maelezo. Kutojua huku ndiko kunakowanufaisha watu wachache wajanja.

Mali iliyouzwa

Iko familia moja katika mwambao wetu ambayo sitaitaja, kwa kuwa imekwisha kupata aibu ya kutosha. Familia hiyo ilikuwa na vipe viwili, yaani zile boti zinazovua dagaa usiku kwa taa, pamoja na nyavu na injini zake. Kijana wao alimaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri. Akatokea wakala mmoja mjini aliyewaambia kwamba kwa muda wa miezi michache kijana angepelekwa nchi ya nje na kurudi akiwa na leseni ya urubani. Mzee akauza kipe kimoja na injini yake, akakopa kwa ndugu, akalipa.

Kijana alikwenda kweli, akasoma kweli, na akarudi na leseni ya kweli. Hapo pana jambo la kuzingatia. Hakuna aliyeghushi karatasi. Leseni ilitolewa na mamlaka halali ya nchi ile, na kijana anajua kurusha ndege. Lakini alipoanza kuomba kazi kwenye makampuni ya ndege alijibiwa kwamba leseni yake ni ya rubani binafsi, na kwamba kwa leseni hiyo haruhusiwi kulipwa hata senti moja kwa kazi ya kurusha ndege.

Mzee alinijia nyumbani na karatasi zote ndani ya mfuko wa nailoni, kwa kuwa zimeandikwa Kiingereza. Akaniuliza, "Mwalimu, nisomee. Hii leseni siyo ya kweli?" Nikamjibu, "Mzee, leseni ni ya kweli, lakini siyo ya kazi uliyomtuma mtoto." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama inaweza kubadilishwa iwe ile nyingine. Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute habari hizi kwa muda wa miezi kadhaa, nami naona si vyema nikae nazo peke yangu.

Jambo tunalolijua tayari

Kwanza kabisa, inafaa ieleweke kwamba madaraja ya leseni si kitu kigeni kwetu. Kila kijana wa bodaboda anajua kwamba leseni ya pikipiki haimruhusu kuendesha basi la abiria la kwenda Mpanda. Akitaka kuendesha basi lazima asome tena, apimwe tena, na awe amekwisha kuendesha magari madogo kwa muda uliowekwa.

Sisi walimu tunalijua zaidi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na kuanza kwa Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu vijijini huku wakifundisha. Walikuwa walimu halali na waliifanya kazi kubwa. Hata hivyo, ili wapande kutoka daraja la chini hadi Daraja la III A ilibidi waende chuoni na wafanye mitihani. Hakuna aliyepandishwa kwa sababu tu alikuwa na cheti cha awali. Cheti cha awali kilikuwa ngazi ya kupandia.

Leseni za urubani ziko vivyo hivyo.

Madaraja matatu

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilianzishwa kutokana na Mkataba uliotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba, 1944. Mkataba huo una viambatisho vyake, na Kiambatisho cha Kwanza ndicho kinachoweka viwango vya chini vya leseni kwa nchi zote wanachama, Tanzania ikiwemo. Nchi yoyote inaweza kudai zaidi ya viwango hivyo.

Daraja la kwanza ni leseni ya rubani binafsi. Mwombaji lazima awe na umri usiopungua miaka 17, na awe ameruka si chini ya saa 40, au saa 35 ikiwa amesoma katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Katika saa hizo, 10 lazima awe ameruka peke yake bila mwalimu, na 5 kati ya hizo 10 ziwe za safari ya kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine, pamoja na safari moja isiyopungua kilometa 270. Akishafaulu mitihani ya darasani na ya angani anaruhusiwa kurusha ndege na hata kuwabeba ndugu na jamaa zake. Lakini haruhusiwi kupokea malipo, wala kurusha ndege katika safari za biashara.

Daraja la pili ni leseni ya rubani wa biashara. Hapa umri ni miaka 18, na saa za kuruka ni 200, au 150 kwa aliyefuata mafunzo yaliyoidhinishwa. Tena saa 100 kati ya zile 200 lazima ziwe ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa rubani kiongozi wa ndege, au saa 70 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Lazima awe amefanya safari moja ya si chini ya kilometa 540. Lazima awe amefundishwa kuruka kwa kutazama vyombo peke yake, kama ilivyo ndani ya mawingu ambapo macho hayaoni kitu. Mwenye leseni hii ndiye anayeweza kulipwa. Marubani wa zile ndege ndogo zinazowapeleka watalii kwenye viwanja vya mbugani, kama huko Hifadhi ya Katavi, lazima wawe na daraja hili au la juu yake.

Daraja la tatu ni leseni ya rubani wa ndege za mashirika, ambayo humwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa zinazoendeshwa na marubani wawili. Umri ni miaka 21 na saa ni 1,500.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, napenda kuzipima saa hizi kwa vipindi. Kipindi kimoja cha darasani ni dakika 40. Saa 40 za rubani binafsi ni sawa na vipindi 60. Saa 200 ni vipindi 300. Saa 1,500 ni vipindi 2,250. Na kila kipindi kimoja cha angani kina petroli ya ndege, kodi ya ndege na malipo ya mwalimu. Mzee wetu aliuza kipe akidhani amelipia safari nzima, kumbe alilipia robo ya kwanza ya safari.

Kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Sasa tulirudie swali la Mzee: je, leseni ya binafsi inaweza kubadilishwa iwe ya biashara?

Jibu ni kwamba inaweza, lakini si kwa kubadilisha karatasi. Saa alizokwisha kuruka hazipotei. Zinahesabiwa zote, mradi ziwe zimeandikwa katika daftari lake la kuruka na kutiwa sahihi inavyotakiwa. Nilipokaa na kijana tukalifungua daftari lake, tulikuta saa 52. Kati ya hizo, saa alizokuwa rubani kiongozi ni 14. Kwa hiyo katika hesabu ya 200 amebakiwa na saa 148, na katika hesabu ya 100 za uongozi amebakiwa na 86. Hesabu hii mtoto wa darasa la nne anaiweza. Lakini hakuna aliyeifanya mbele ya Mzee kabla hajatoa fedha.

Zaidi ya saa, ipo mitihani mipya ya nadharia, kwa maana rubani wa biashara anatakiwa kujua kwa kina zaidi sheria za anga, hali ya hewa, kutafuta njia, uzito na mizani ya ndege, na mambo ya injini.

Halafu lipo suala la afya. Rubani binafsi hupimwa afya ya daraja la pili. Rubani wa biashara na wa mashirika lazima wapimwe afya ya daraja la kwanza, ambayo ni kali zaidi kwa macho, masikio, moyo na mengineyo. Mtu anaweza kufaulu kipimo cha daraja la pili akashindwa cha daraja la kwanza. Mtu huyo ataruka kwa raha yake maisha yake yote, lakini hataajiriwa kuwa rubani. Kijana wetu hakuwahi kupimwa hiki cha daraja la kwanza. Maana yake ni kwamba familia iliuza mali bila kujua kama mwili wa mtoto wao unaikubali kazi yenyewe. Kipimo hiki kingetakiwa kuwa cha kwanza kabisa, kabla ya kulipa ada, kwa sababu gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ada hiyo.

Ndege nayo ina makundi

Jambo jingine linalowachanganya watu ni kwamba mbali na madaraja ya leseni, yapo pia makundi ya ndege. Katika leseni huandikwa rubani anaruhusiwa kurusha kundi gani: ndege ya injini moja inayotua nchi kavu, ya injini moja inayotua majini, ya injini nyingi ya nchi kavu, au ya injini nyingi ya majini. Kutoka kundi moja kwenda jingine ni lazima kufundishwa na kupimwa. Na kwa zile ndege zinazohitaji marubani wawili, kama Dash 8 Q400 za Air Tanzania, hutakiwa idhini ya aina hiyo moja ya ndege kwa jina lake.

Sisi wa Ziwa Tanganyika tusione ajabu kusikia habari za ndege zinazotua majini. Ziwa hili liliziona mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walileta ndege za majini upande wa Kongo, karibu na mji ambao leo ni Kalemie, nazo zikavuka ziwa na kuipiga Kigoma kwa mabomu ambako Wajerumani walikuwa na meli yao Graf von Götzen, hiyo ambayo baadaye iliitwa Liemba na kuwabeba wazee wetu miaka mingi. Mwaka 1937 ndege kubwa za majini za kampuni ya Imperial Airways zilianza kutua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Afrika Kusini. Anayejua kutua kwenye lami hajui, kwa hilo tu, kutua juu ya mawimbi. Mvuvi yeyote atakuelewa ukimwambia hivyo, kwa maana naye anajua kwamba anayeweza kuendesha mtumbwi kwa kafi siyo lazima aweze boti ya injini kwenye upepo mkali.

Wapo pia wale wanaorusha vile vindege vyepesi sana. Hapo wazazi wawe macho zaidi. Baadhi ya nchi zina leseni za kitaifa za ndege hizo ambazo ziko chini ya kiwango cha ICAO. Uingereza ilianzisha leseni yake ya namna hiyo mwaka 2002, na ndani yake mna makundi ambayo rubani anaweza kuhama kutoka moja hadi jingine kwa kuongeza mafunzo na mtihani. Marekani nayo ilianzisha mwaka 2004 leseni ya michezo ambayo saa zake za chini ni 20 tu. Hizo ni leseni halali katika nchi zao, na zimewasaidia watu wengi kuruka kwa gharama nafuu. Lakini hazikuwekwa kwa ajili ya mtu atakayezipeleka nchi nyingine kuombea kazi. Wakala akikwambia leseni itapatikana kwa saa chache sana na kwa bei ya kutupa, muulize ni leseni gani hasa.

Mpaka wa nchi na nchi

Wako wanaosema kwamba leseni ni ya kimataifa, kwa hiyo ukiipata popote unaitumia popote. Maneno hayo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huumiza.

Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Chicago kinazitaka nchi zitambue leseni za wenzao, mradi ziwe zimetolewa kwa viwango vilivyo sawa na vya Mkataba au zaidi. Ndiyo maana rubani wa Ethiopia anatua Dar es Salaam na ndege ya Ethiopia bila kuulizwa leseni ya Tanzania. Lakini Kifungu cha 32 kinaipa kila nchi haki ya kukataa kuitambua, kwa safari za juu ya ardhi yake yenyewe, leseni ambayo raia wake amepewa na nchi nyingine. Wazazi wengi hawajapata kuelezwa maneno haya. Kwa lugha nyepesi ni kwamba Mtanzania akienda kuchukua leseni nje, Tanzania ina haki kamili ya kumwambia: njoo kwanza tukupime wenyewe.

Na hivyo ndivyo ilivyo duniani kote. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni nchi kuithibitisha leseni ya kigeni kwa muda, ambapo rubani huendelea kuitumia leseni yake ileile pamoja na kibali, na kibali hicho hakiwezi kuishi kuliko leseni yenyewe. Ya pili ni kuibadilisha, yaani nchi inampa leseni yake mpya kwa kutegemea ile ya zamani, baada ya kuhakikisha kwa waliyoitoa kwamba ni ya kweli na baada ya mitihani na vipimo inavyoona vinafaa. Kwetu mwenye madaraka hayo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Si kampuni ya ndege, si chuo, wala si wakala.

Tena ipo lugha. Tangu Machi 2008, marubani wanaotumia redio katika safari za kimataifa wanatakiwa wawe wamepimwa ufasaha wa lugha ya mawasiliano, angalau kiwango cha 4, na huko angani lugha inayotumika kwa wingi ni Kiingereza. Nasema hili kwa walimu wenzangu zaidi kuliko kwa wazazi.

Tulikwisha kuwa na leseni ya pamoja

Wazee wanakumbuka kwamba mambo hayakuwa hivi siku zote. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoanza mwaka 1967, usafiri wa anga wa Kenya, Uganda na Tanzania ulisimamiwa kwa pamoja. Mwaka 1971 ilifunguliwa shule ya urubani ya Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na lake. Air Tanzania ikaanzishwa Machi mwaka huohuo, na Soroti ikabaki mikononi mwa Uganda.

Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, ilianzisha mwaka 2007 wakala wake wa usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ambao kazi yake mojawapo ni kuzifanya kanuni za nchi wanachama zifanane, zile za leseni zikiwemo. Ni kazi ya kusifiwa. Kanuni zikifanana, kijana anayesoma Nairobi au Soroti atapunguziwa usumbufu akirudi nyumbani. Pamoja na hayo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kule Dar es Salaam, kimekuwa kikijenga kituo cha mafunzo ya usafiri wa anga kwa mradi wa Benki ya Dunia. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya kudumu, kwani mtoto akisomea hapa nyumbani tangu mwanzo hana haja ya kubadilisha leseni ya nchi nyingine.

Leseni ya binafsi isidharauliwe

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba leseni ya rubani binafsi ni kitu cha bure. Makapteni wengi walipita katika ngazi hiyo ya mwanzo. Beryl Markham, aliyekulia Njoro nchini Kenya, alipata leseni ya binafsi mwaka 1931, wakati huo ikiitwa A. Kisha akaendelea mpaka akapata ya biashara iliyoitwa B, ndipo akaweza kulipwa kwa kubeba abiria na barua na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Septemba 1936 alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Naye Daktari Anne Spoerry, Mfaransa aliyeishi Kenya, alijifunza kurusha ndege akiwa amekwisha kupita miaka 40, akaifanyia kazi ya udaktari na kuwafikia wagonjwa wa vijijini akiwa na Flying Doctors wa AMREF, hata watu wakamwita Mama Daktari.

Kwa hiyo kosa haliko katika leseni ya binafsi. Kosa ni kumwuzia mtu ngazi ya kwanza kwa bei na kwa jina la ghorofa nzima.

Maswali ya kuuliza

Wazazi wenzangu, mtu akija na habari za kumpeleka mtoto kusomea urubani, muulizeni maswali haya, na majibu yawe kwa maandishi.

Kwanza, leseni atakayorudi nayo ni ya rubani binafsi au ya rubani wa biashara? Pili, ada iliyotajwa inalipia saa ngapi za kuruka, na kati ya hizo ngapi atakuwa rubani kiongozi? Tatu, leseni hiyo inafikia kiwango cha ICAO, au ni ya kitaifa tu? Nne, chuo chenyewe kimeidhinishwa na mamlaka ya anga ya nchi hiyo, na je, Mamlaka yetu hapa nyumbani inasemaje juu yake? Tano, mtoto amekwisha kupimwa afya ya daraja la kwanza na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka kwa kazi hiyo? Sita, baada ya kurudi, kubadilisha leseni iwe ya Tanzania kutahitaji mitihani gani na fedha kiasi gani?

Anayekwepa maswali haya, Mzee afunge mfuko wake.

Ombi kwa wanaohusika

Ndugu Mhariri, yapo pia ya kuwaomba wakubwa wanaohusika. Maelezo haya yote yapo, lakini yameandikwa kwa Kiingereza cha sheria, nayo yako mbali na mwananchi wa mwambao. Naiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga itoe kijitabu kifupi cha Kiswahili kinachoeleza madaraja ya leseni, umri, saa, vipimo vya afya, na utaratibu wa kubadilisha leseni za nje. Kijitabu hicho kipelekwe katika ofisi za elimu za wilaya na shule za sekondari, na yaliyomo yasomwe redioni, maana huku redio inafika hata pale ambapo gari halifiki masika. Pia itangazwe orodha ya vyuo ambavyo Mamlaka inavitambua, ili mtu aulize kwa simu kabla ya kuuza.

Naomba pia mawakala wa masomo ya nje wanaochukua fedha za wananchi walazimishwe kuandika katika risiti ni leseni ya daraja gani wanayoiuza. Muuza mbolea analazimika kuandika kwenye mfuko ni mbolea gani. Kwa nini anayeuza mustakabali wa mtoto asiandike?

Wapo walioniambia kwamba mwalimu wa kijijini angefanya vizuri kuwafundisha watoto uvuvi na kilimo, aachane na ndoto za angani. Mimi uvuvi na kilimo nawafundisha, na nitaendelea. Lakini mtoto wa mvuvi ana haki ya kutamani kama mtoto wa mtu mwingine. Wajibu wetu ni kumwambia ngazi ziko ngapi na kila moja ina urefu gani, ili apande akijua. Huko angani hesabu za saa, maili na mafuta ndizo zinazomrudisha mtu nyumbani salama, na hesabu hizo zinaanzia katika darasa la tatu na la nne. Walimu tukizifundisha sawasawa, pamoja na sayansi na Kiingereza, tutakuwa tumemlipia mtoto sehemu ya ada yake bila kuuza kitu.

Kuhusu kijana wetu, hesabu yake sasa anaijua: saa 148, kipimo cha afya cha daraja la kwanza, na mitihani. Nimemshauri aanze na kipimo cha afya, kisha aandike barua kwa Mamlaka kuhusu kuithibitisha au kuibadilisha leseni yake, na asiache kulitunza daftari lake la kuruka, maana humo ndimo iliko mali yote ya kile kipe. Kwa sasa anavua na baba yake katika kipe kilichobaki, na fedha za safari ya kwenda kupimwa wanaziweka kidogo kidogo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ikola, Mpanda.